Jamaa kakaa kwenye pagale langu miezi minane, nikimdai kodi, kwa Wayahudi naitwa mtu wa Sodoma. Hii imekaaje?

#1 Tofali Nchi Sita
Wakuu za jioni. Nina nyumba Chanika, nyumba kwa maana ya pagale, vyumba viwili ndo nimeezeka, hela ikakata mwaka juzi nikaacha. Juzi naenda na fundi kupima madirisha nakuta mtu kajibanza mle, kaning'iniza turubai mlangoni, ana godoro na jiko la mkaa. Kuuliza majirani wananiambia miezi minane yupo. Nikamwambia alipe pango la miezi minane yote la sivyo tunaonana serikali ya mtaa.

Sasa kazini tuna mzee mmoja msomaji sana wa mambo ya dini, nikamsimulia nikijua ataniunga mkono, akaniambia kesi yako hii hii marabi wa Kiyahudi walishabishana zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Akasema kwao mtu anayesema "changu ni changu na chako ni chako" baadhi yao walimuita mtu wa Sodoma. Siku tatu hilo neno halinitoki kichwani. Mimi najua Sodoma ilichomwa kwa ishu nyingine kabisa. Na amri ya nane si inasema usiibe? Kama changu si changu, hiyo amri inalinda nini? Wenye uelewa naomba msaada.

#2 Mama Nasra
Pole kwa usumbufu. Huyo mtu yuko peke yake au ana watoto? Hujasema, na mimi hapo ndo pa kuanzia.

#3 Dede la Kati
Mdai bila huruma. Kiwanja umenunua kwa jasho lako, ukimwachia leo akizoea utamkuta anatafuta mashahidi kwamba eneo ni lake. Sheria yetu ya ukomo ni miaka 12, watu wanapoteza mashamba hivi hivi kwa huruma.

#4 Msomi wa Pembeni
Mzee wa kazini kwenu kasoma kweli ila kakupa nusu. Maneno yapo kwenye Mishna, mkusanyiko wa zamani wa mafundisho ya marabi, sehemu inaitwa Pirkei Avot sura ya 5. Wanataja watu wa aina nne. Anayesema changu chako na chako changu, huyo hajui kitu. Changu chako na chako ni chako, mcha Mungu. Chako changu na changu ni changu, mwovu. Halafu wewe, changu ni changu na chako ni chako, wanasema hiyo ni tabia ya kati, mtu wa kawaida tu, na wengine ndo wakasema hapana, hiyo ni ya Sodoma. Yani hapo hapo wameshagawanyika na hakuna aliyefuta neno la mwenzake.

Kesi ya pagale iko kwenye Talmudi, yani mijadala ya marabi juu ya hiyo Mishna, kitabu cha Bava Kamma ukurasa wa 20. Mtu kakaa kwenye ua wa mwenzake bila kumwambia, alipe kodi au asilipe? Kama ua ni wa kupangisha na yule mtu ni wa kupanga, analipa, hakuna ubishi. Kama ua haupangishwi na yule mtu ana pa kulala bure kwingine, halipi. Ugumu uko katikati, nyumba haipangishwi ila aliyekaa angelazimika kupanga mahali. Yeye kafaidika, mwenye nyumba hajapungukiwa kitu. Walivutana sana hapo na mwisho sheria iliyokaa ni kwamba halipi. Kumnyima mtu kitu ambacho wewe hakikupunguzii chochote ndo wanaita tabia ya Sodoma, na kuna mahali wanasema mtu mwenye tabia hiyo analazimishwa aiache.

Swali kwako, pagale lilikuwa la kupangisha?

#5 Tofali Nchi Sita
Hapana mkuu, nani apange nyumba haina madirisha. Ila ukuta kaniharibia, chumba cha nyuma nilishapiga lipu, sasa kote kumekuwa cheusi kwa moshi wa mkaa. Mama Nasra, yuko peke yake, ni kibarua wa zege, anasema alikuwa analala kwenye saiti wanazojenga, saiti ilipoisha akakosa pa kwenda.

#6 Msomi wa Pembeni
Basi kesi imegeuka! Na hilo la moshi wameliongelea ukurasa huo huo, sitanii. Wanasema kama nyumba ilikuwa mpya, mwenye nyumba anaweza kusema umenipunguzia, umenichafulia kuta. Akishapungukiwa hata kidogo ule msamaha unaanguka, na wapo waliosema hapo anadaiwa kodi nzima, sio gharama ya kusafisha tu. Ila kuna upande wa pili, ukurasa unaofuata wanaleta neno la Isaya 24 kwamba nyumba ikiachwa ukiwa inaharibika yenyewe, kwahiyo aliyekaa mle kamfaidisha mwenye nyumba. Tuambie, hao majirani zako wenye viwanja visivyo na mtu, vitu vyao viko salama?

#7 Tofali Nchi Sita
Viko wapi! Jirani kang'olewa bati sita. Kwangu halijaguswa hata bati moja, hilo sikuwa nimelifikiria.

#8 Dede la Kati
Kwahiyo mvamizi keshakuwa mlinzi? Wakuu tuwe serious kidogo.

#9 Ndugu Elia
Shalom. Mtoa mada umeuliza Sodoma ilichomwa kwa nini. Soma Ezekieli 16:49, nabii anataja kiburi, kushiba chakula na raha, halafu hawakumtia nguvu maskini na mhitaji. Marabi walishikilia hapo hapo.

Na kuhusu changu si changu, mzizi wake ni Walawi 25:23, Mungu anasema nchi isiuzwe moja kwa moja kwa sababu nchi ni yake, ninyi ni wageni na wasafiri kwake. Ndo maana ya mwaka wa yubile, mwaka wa 50 shamba linarudi kwa ukoo wa aliyeuza, kwahiyo ulichonunua ni mavuno ya miaka iliyobaki, ardhi yenyewe hukuinunua. Nilipoelewa hili nilikaa kimya nusu saa. Sisi tunauziana "milele" kwenye karatasi ya mjumbe wakati hatujui kama kesho tutaamka.

Kuna sehemu nyingine kwenye Talmudi inanigusa zaidi. Zaburi 24 inasema nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana, Zaburi 115 inasema nchi amewapa wanadamu. Ipi ni ipi? Wakajibu, ile ya kwanza ni kabla hujashukuru, ya pili ni baada ya kushukuru. Ukila bila kumbariki Mwenyezi ni kama umekula cha kwake bila ruhusa.

#10 Kinyozi wa Mabatini
Mtoa mada amri ya nane umehesabu kama Wayahudi na Waprotestanti wengi, kwa Wakatoliki na Walutheri usiibe ni ya saba. Nimeona niweke sawa kabla uzi haujafika mbali.

#11 Kisiki Hakisogei
Ndugu Elia nakuheshimu lakini hapo kuna mashairi mengi. Yubile kwa akili zangu ilibaki kwenye maandishi zaidi. Na mwaka wa saba, Kumbukumbu la Torati 15, madeni yanafutwa. Matokeo? Matajiri wakaacha kukopesha mwaka ukikaribia. Ndo Hillel, mwalimu wao mkubwa wa zamani, akatengeneza hati inaitwa prozbul, mkopeshaji anakabidhi madeni yake kwa mahakama ili yasifutwe. Riba nayo imekatazwa kati yao ila baadae wakatengeneza mkataba wanaita heter iska, mkopo unageuzwa kuwa ubia wa biashara, mkopeshaji anapata mgao wa faida. Mimi naona ni hivi, sheria nzuri imekutana na soko, soko limeshinda. Kila mahali ni hivyo hivyo.

#12 Msomi wa Pembeni
@Kisiki nakupinga kwenye Hillel. Mishna yenyewe inasema aliiweka alipoona watu wanaacha kukopeshana na wanavunja neno la Torati, maana mstari wa 9 wa sura hiyo hiyo unakataza kumnyima maskini mkopo kwa kuogopa mwaka wa saba. Aliyekuwa anaumia mlango ukifungwa ni maskini. Na ujue Hillel mwenyewe anasimuliwa alikuwa fukara, kuna siku alikosa hela ya kuingilia darasani akapanda juu ya paa asikilizie dirishani, theluji ikamfunika. Huyo sio mtu wa kutumwa na matajiri.

#13 Kisiki Hakisogei
Hilo la paa nilikuwa silijui, asante. Ila nia njema na matokeo ni vitu viwili, hapo sijahama.

#14 Mama Nasra
Mimi nasema ya nyumbani. Nilipojenga Mbagala nilishusha trela la tofali 1,200. Kila asubuhi pungufu. Nikalala pale pale, nikamkamata mama mmoja na tofali moja kichwani ananiambia mwanangu nimechukua moja tu ya kuinulia ndoo. Wa pili moja tu. Mtoto wa shule moja tu. Zilipungua karibu 200 na hakuna hata mtu mmoja wa kumshtaki. Sasa mtuambie hao marabi wanasemaje mwenye mali akiliwa hivyo, maana naona huruma yote inaenda upande mmoja.

#15 Msomi wa Pembeni
Mama Nasra umenisisimua. Kwenye Talmudi, Sanhedrini 109, wanaposimulia maovu ya watu wa Sodoma mojawapo ni hilo neno kwa neno. Mtu akianika safu ya matofali kila mmoja anakuja anachukua moja, akiulizwa anasema mimi nimechukua moja tu. Na vitunguu vivyo hivyo. Kwahiyo Sodoma kwao ni pande zote mbili, anayenyima kisichompunguzia na anayeiba kidogo kidogo ili asikamatike.

#16 Mama Nasra
Basi Mbagala tumekwisha.

#17 Wa Uasin Gishu
Wazee hamjambo, nachangia kutoka Eldoret. Mnaongea juu ya mali na Wayahudi na hakuna mtu ametaja Nabothi. 1 Wafalme 21, mfalme Ahabu anataka shamba la mizabibu la Nabothi liwe bustani ya mboga, anatoa bei nzuri, hata anatoa shamba lingine bora kuliko hilo. Nabothi anakataa, urithi wa baba zangu siuzi. Yezebeli anatengeneza mashahidi wa uongo, Nabothi anapigwa mawe. Kwahiyo hapo changu ni changu ndio ilikuwa haki kabisa mbele ya mfalme. Mimi naona mafundisho haya yanamwekea mipaka mwenye nguvu, na mtu mdogo yanampa ukuta wa kujificha nyuma yake. Mtoa mada jiulize kati yako na huyo kibarua nani ni Ahabu.

Na jambo lingine la kwetu hapa. Mwaka 1903 Waingereza walitaka kuwapa Wazayuni, Wayahudi waliokuwa wanatafuta nchi yao, hii Uasin Gishu yetu, watu wanaita mpango wa Uganda lakini ardhi yenyewe iko Kenya. Tume ikaja ikaangalia, na mkutano wao wa 1905 ukakataa. Hakuna mtu aliuliza waliokuwa wanachunga hapa. Ukisoma Nabothi ukiwa umesimama kwa hii ardhi inakuuma tofauti.

#18 Tofali Nchi Sita
Mimi Ahabu tena jamani, na nimekopa saccos kununua hicho kiwanja.

#19 Dede la Kati
Pole mfalme 😂 ila afadhali ungepangisha tu mapema tusingefika huku.

#20 Shamba Darasa
Kuna mtu ametaja hati za "milele" huko juu. Sisi Tanzania si hatumiliki ardhi kihivyo? Sheria ya 1999 ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, wewe una hati ya miaka 33, 66 au 99. Na Israeli ya sasa sehemu kubwa sana ya ardhi, kama asilimia 93, ni ya dola na mashirika yake, watu wanakodishwa, na mikataba ya zamani ilikuwa ya miaka 49. Hiyo 49 sio bahati mbaya, ni hesabu ya yubile, wazo lilikuwepo toka mkutano wa Wazayuni wa Basel 1897.

#21 Wa Uasin Gishu
Ongeza basi na Sheria ya Mali za Wasiokuwepo ya 1950, iliyochukua ardhi na nyumba za Wapalestina waliokimbia au kufukuzwa. Hapo Walawi 25 ilikuwa wapi?

#22 Shamba Darasa
Kweli kabisa na sitetei. Nimeleta 49 kama historia ya wazo.

#23 Ndugu Elia
Tusihamishe uzi ndugu zangu, ingawa swali la 21 ni zito na hata wapo marabi wanaoliuliza hadharani kwa kutumia Torati hiyo hiyo.

#24 Jirani wa Mbale
Habari zenu. Niko Mbale Uganda, hapa tuna majirani Abayudaya, Wayahudi weusi walioanza na Semei Kakungulu karibu 1919. Nawarekebisha kidogo, kupumzisha shamba mwaka wa saba ni kwa nchi ya Israeli tu, mkulima Myahudi wa Mbale halazimiki kuacha kahawa yake. Kufuta madeni ndo marabi walisema kunafuata watu popote. Mwaka wa saba wa mwisho ulikuwa 2021 hadi 2022, unaofuata ni 2028 hadi 2029. Na kule Israeli wengine wanauza mashamba kwa muda kwa mtu asiye Myahudi ili yalimwe, Rabi Kook aliunga mkono hilo kwenye mwaka wa saba wa 1909 hadi 1910, na wengine mpaka leo wanakataa.

#25 Kisiki Hakisogei
Mnaona? Mlango mwingine huo.

#26 Sharifu Mdogo
Assalam aleikum. Waislamu nasi tuna shufaa, jirani akiuza nyumba wewe wa ubavuni una haki ya kwanza kununua. Nadhani Wayahudi wanayo pia, ni dini za ndugu.

#27 Binti wa Madrasa
Waaleikum salaam Sharifu. Hapo upunguze. Shufaa ya jirani ni kwa Hanafi. Kwa Shafii, ambao ndo wengi wa pwani yetu, ni ya mshirika mwenye hisa ndani ya mali hiyo, jirani wa ubavuni hana.

#28 Msomi wa Pembeni
Na kwa Wayahudi haki hiyo ni ya jirani kabisa, mwenye mpaka na shamba. Wameitoa kwenye Kumbukumbu la Torati 6:18, fanya yaliyo sawa na mema. Kinachonivutia ni kwamba hakuna amri inayosema muuzie jirani. Waliona tu mnunuzi wa mbali anaweza kupata shamba kwingine, jirani akikosa hili hapati lingine la kuunga na lake. @Dede na ile miaka 12 yako, kwao ni 3, lakini aliyekaa lazima awe na dai, kwamba nilinunua au nilipewa. Kukaa tu bila dai hakumpi kitu. Huyo kibarua hajadai ni kwake kwahiyo lala usingizi.

#29 Fundi Zege
Nimesoma kimya toka juu kwa sababu hiyo kazi ya zege ndo yangu. Naomba mjue tunavyoishi. Saiti inatupa pa kulala mpaka slabu imwagwe, siku ya pili yake toeni vitu. Kuna bosi mmoja, simtaji, tulimvunjia vigae boksi mbili wakati wa kushusha, akakata hela ya wiki nzima kwa watu wanne, watu wamerudi kwa miguu toka Bunju. Kisheria labda alikuwa sahihi. Ndo maana naomba mtoa mada usiende serikali ya mtaa kwanza.

#30 Msomi wa Pembeni
Fundi pole sana. Hiyo yako imeandikwa, Bava Metzia 83. Kuna rabi, Rabba mwana wa bar Hana, wabeba mizigo walimvunjia pipa la divai, akachukua nguo zao fidia. Wakaenda kwa rabi mkubwa aitwaye Rav, akamwambia Rabba warudishie nguo. Akauliza, ndo sheria? Akajibiwa ndiyo, akamsomea Mithali 2:20, upate kwenda katika njia ya watu wema. Wakasema sisi maskini, tumeshinda kazini kutwa, tuna njaa na hatuna kitu. Rav akasema walipe na ujira wao. Akauliza tena, ndo sheria? Ndiyo, akamalizia mstari ule ule, kuyahifadhi mapito ya wenye haki.

Na ndani ya kitabu hicho hicho kuna rabi anasema Yerusalemu ilibomolewa kwa sababu walihukumu kwa sheria tu, hawakwenda hatua moja ndani ya mstari, yani kutenda wema zaidi ya sheria inavyodai.

#31 Dede la Kati
Sasa kama Rav anaita hiyo "sheria" basi kila tajiri alipishwe kila hasara? Nani ataajiri mtu?

#32 Jirani wa Mbale
Nadhani alikuwa anamhukumu Rabba kwa kipimo cha Rabba, mtu mkubwa, msomi. Wengine wanasema ilikuwa sheria kweli. Mpaka leo wanabishana. Na usisahau upande mwingine, kuna agizo kwamba mtu akitoa mali yake asizidishe sehemu ya tano, asije akawa omba omba na yeye.

#33 Ndugu Elia
Ila hiyo sehemu ya tano sio ya kuchezea. Neno lao la kutoa, tsedaka, ni ndugu na sadaka yetu, ila kwao mzizi ni haki. Talmudi inataja rabi Rava alivyomlazimisha mtu kutoa zuz 400, sarafu zao za fedha, za maskini. Anayekulazimisha hakuombi hisani, anachukua kilichokuwa cha maskini mkononi mwako.

#34 Kinyozi wa Mabatini
Naomba niweke moja niliyoisikia kanisani kwa mgeni mmoja nikaitafuta, ipo Bava Kamma 50. Mtu alikuwa anatoa mawe shambani kwake anayatupa barabarani. Mcha Mungu mmoja akapita akamwambia, wewe, mbona unatoa mawe mahali pasipo pako unayatupa mahali pako? Jamaa akamcheka. Baadae akalazimika kuuza lile shamba, siku moja anapita ile barabara akajikwaa kwenye mawe yake mwenyewe. Kila nikifagia nywele saluni nikitaka kuzisukumia mtaroni namkumbuka huyo mtu.

#35 Mama Nasra
Kinyozi, Mungu akubariki kwa hiyo.

#36 Tofali Nchi Sita
Wakuu nimerudi, nimetoka Chanika sasa hivi. Nilienda na hasira zimepungua, nilipanga nimwambie ahame mwisho wa mwezi na kodi nimemsamehe, anilipe ile lipu tu. Nafika nakuta chumba cha nyuma kakipaka chokaa chote, ukutani mpaka juu, kazi safi kuliko ya fundi niliyemlipa. Mifuko ya chokaa kanunua kwa hela yake. Kasema aliona nimekasirikia ukuta. Nimeshindwa kuongea, nikaondoka bila kumwambia neno lolote. Sasa Msomi, hapa nani anamdai nani?

#37 Msomi wa Pembeni
Aisee. Kuna kesi ya mtu aliyeingia kwenye gofu la mwenzake akalijenga bila ruhusa, Bava Metzia 101. Mwenye gofu anamlipa. Na kwa nyumba aliyejenga ana haki ya kusema nipe miti yangu na mawe yangu niondoke navyo, wanamsikiliza. Kwa shamba alilopanda miti hawamsikilizi, ardhi ingedhoofika.

#38 Fundi Zege
Chokaa haing'oki.

#39 Dede la Kati
Mfuko wa chokaa siku hizi bei gani Chanika? Na alipaka mikono miwili au mmoja? Tuanzie hapo.